Ukisikia "imepigwa marufuku", uliza: wapi, na kwa kazi gani?

Haya ni maandishi ya mazungumzo yetu ya sauti ya Alhamisi usiku. Wengine mlikatikiwa na mtandao, wengine mliingia wakati tunaagana, kwa hivyo nimeyaandika yote na kuyaweka kwa uzi mmoja. Masharti ni yale yale: hapa hatutaji jina la mwanasiasa wala chama. Tunachambua hoja. Ukitaja jina kwa maoni nitafuta, na usinune.

 

Leo nataka tuchukue sentensi moja tu. Mmeisikia kwenye mikutano ya hadhara, mmeisikia redioni asubuhi, mmeisikia hata matangani: "Hii dawa ya wadudu imepigwa marufuku Ulaya, na bado wanatuletea sisi." Umati unapiga makofi. Kisha anasimama wa upande ule mwingine anasema: "Hizo ni porojo. Bila dawa mahindi hayatafika ghalani, tutakufa njaa." Makofi tena. Na ukiangalia vizuri, mara nyingi ni mikono ile ile.

Siwacheki. Kila sentensi ina ukweli ndani yake. Shida ni kwamba neno "marufuku" linaachwa likielea. Marufuku wapi? Shambani? Kwa duka la dawa? Kwa shampuu? Ni nani aliyepiga, na alikuwa anazuia nini hasa? Kemikali moja inaweza kufungiwa mlango mmoja na kufunguliwa mwingine, siku hiyo hiyo, katika nchi hiyo hiyo. Hilo si jambo la kufikirika. Limetokea, na nitawaonyesha.

Lakini kwanza niseme neno kuhusu lugha yetu. Kiswahili kina neno "dawa", na tunalitumia kwa kila kitu. Dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya nywele, dawa ya kunguni, dawa ya ng'ombe, dawa ya kunyunyizia nyanya. Mchuuzi pale steji na kipaza sauti chake, "dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni", anatumia neno lile lile analotumia muuguzi wa zahanati. Sasa mtoto amerudi kutoka shuleni anajikuna kichwa. Nyumbani kuna unga ulionunuliwa wa kuua wadudu. Si chawa ni mdudu? Mzazi anayefikiri hivyo si mjinga. Neno lenyewe limemwongoza hapo.

Basi tuchukue kemikali moja na kuifuata kutoka mwanzo. Inaitwa lindeni. Ndiyo, ukiiandika kwa Kiswahili inasomeka kama amri, lindeni, na kwa kitu chenye historia hii ni kejeli. Jina linatokana na mkemia wa Uholanzi, Teunis van der Linden, aliyeitenga mwaka 1912. Mchanganyiko wenyewe ulikuwa umetengenezwa kitambo sana, mwaka 1825, na Michael Faraday, yule yule wa mambo ya umeme. Hakuna aliyejua una kazi gani. Ni miaka ya 1940 ndipo ilipojulikana kwamba unaua wadudu vibaya sana, na kwamba nguvu yote iko kwenye aina moja tu ndani ya mchanganyiko ule. Hiyo aina moja ndiyo lindeni.

Ikaingia kila mahali. Ikapakwa mbegu kabla ya kupandwa ili wadudu wa udongoni wasizile. Ikatiwa kwenye majosho ya mifugo dhidi ya kupe na utitiri. Ikapuliziwa mbao na ghala. Na ikaingia hospitalini: losheni ya asilimia 1 kwa upele wa kuambukiza, shampuu ya asilimia 1 kwa chawa wa kichwani. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona ajabu yoyote. Chawa ni mdudu, kupe ni kama mdudu, kiwavi ni mdudu, piga wote.

Inawauaje? Inavuruga mishipa ya fahamu. Kuna breki kwenye ubongo ambayo huzuia mishipa isifyatuke ovyo, na lindeni inakata hiyo breki. Mdudu anatetemeka mpaka anakufa. Sasa hiyo breki mdudu hana peke yake. Wewe unayo, mtoto wako anayo. Kwa hivyo mtu akipata lindeni nyingi mwilini dalili ni za aina ile ile: kizunguzungu, kutapika, kutetemeka, degedege. Inapita kwenye ngozi, na ikipakwa kwenye ngozi iliyochubuka kwa kujikuna inapita zaidi. Na mtoto, ukilinganisha na uzito wake, ana ngozi nyingi kuliko mtu mzima. Kipimo kinachomtosha baba ni kikubwa mno kwa mtoto wa kilo 12.

Hiyo ni sumu ya papo hapo. Kuna ile ya polepole. Lindeni inapenda mafuta. Ikiingia mwilini inakaa kwenye mafuta ya mwili, na inatoka na maziwa ya mama. Nje ya mwili inachukua muda mrefu kuoza na inasafiri na upepo. Imepatikana kule Aktiki, kwenye barafu, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupanda hata tuta moja la mahindi.

Mwaka 2015 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka lindeni kwenye kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo ushahidi unatosha kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Saratani yenyewe ni ya tezi za limfu. Ushahidi mkubwa ulitoka kwa wakulima wa Marekani na Kanada: walioitumia walikuwa na hatari iliyozidi ya wengine kwa asilimia 60.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu hiyo 60 nimeshaisikia ikipigwa jukwaani vibaya. Haimaanishi kwamba wakulima 60 kati ya 100 watapata saratani. Maana yake ni hii: ikiwa kwenye kundi la watu wasiotumia wangeugua 10, kwenye kundi la ukubwa ule ule la waliotumia wangeugua 16. Hao sita ni watu. Wana majina na watoto. Lakini ni sita juu ya kumi, si sitini kwa mia. Mwanasiasa akikuambia "asilimia 60 watapata saratani", amekudanganya kwa nambari ya kweli. Na yule atakayesimama kumjibu atasema "mnaona, ni uongo mtupu", na huyo naye atakuwa amekudanganya.

Sasa twende kwa milango.

Hapa Kenya kemikali ya aina hii inaweza kukufikia kupitia milango mitatu, na kila mlango una bawabu wake. Mlango wa shamba unalindwa na bodi ya kudhibiti bidhaa za kuua wadudu, PCPB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mlango wa hospitali unalindwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Na angalieni hilo jina, waliolitunga walijua dawa na sumu ni majirani wa ukuta mmoja. Mlango wa tatu ni wa vipodozi: sabuni, shampuu, losheni, mafuta ya nywele. Huo ni wa shirika la viwango, KEBS, ambalo linatumia kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki kuhusu vipodozi, nambari 377, na sehemu yake ya kwanza ni orodha ya vitu ambavyo havifai kabisa kutiwa kwenye kipodozi.

Mabawabu watatu, ofisi tatu. Ukisikia "imepigwa marufuku", huenda ni mmoja tu aliyefunga.

Mfano wa hapa nyumbani. Mwaka 1986 PCPB ilipiga marufuku kundi zima la kemikali za zamani. Ule mchanganyiko ambao lindeni inatokana nao ulikuwemo. Lakini lindeni yenyewe ilibaki kwa kazi moja, kupaka mbegu, hadi ilipopigwa marufuku kabisa mwaka 2011. Hiyo ni miaka 25 kati ya "tumefunga" na "tumefunga kabisa". Orodha hiyo hiyo ya 1986 ina DDT, na pembeni yake imeandikwa kwamba marufuku ni ya kilimo. Kwa hivyo mtu akisema "DDT ilipigwa marufuku Kenya 1986", amesema kweli. Na mtu akisema "marufuku ile haikugusa vita dhidi ya mbu wa malaria", naye amesema kweli. Watabishana mpaka usiku wa manane kwenye runinga na wote wako sawa.

Mfano ulionifanya nichague lindeni, lakini, ni wa Marekani. Nauona ni wa kusisimua kuliko wote, samahani nikiuchelewesha.

Kufikia 2006, Marekani lindeni ilikuwa imebaki kwa mbegu za mazao sita: mahindi, ngano, mtama, shayiri, na nafaka mbili za nchi za baridi. Mamlaka yao ya mazingira ilikuwa inaipitia upya, na mwaka huo watengenezaji wakaondoa wenyewe usajili uliobaki. Shamba likafungwa. Lakini shampuu ya chawa haikuwa chini ya mamlaka ya mazingira. Ilikuwa chini ya mamlaka ya chakula na dawa. Na hao hawakufunga. Walikuwa wametoa onyo kali mwaka 2003, lile la kuzungushiwa mstari mweusi kwenye karatasi ya dawa, kwamba kuna watu walipata degedege na wengine walikufa, wengi wao baada ya kurudia dawa au kuikalisha mwilini kupita kiasi. Kwamba uangalifu mkubwa unahitajika kwa mtu wa chini ya kilo 50. Kwamba itumike tu pale dawa nyingine zimeshindwa. Na chupa zikapunguzwa ziwe ndogo ili mtu asipate nafasi ya kurudia. Onyo walitoa. Mlango wakaacha wazi.

Mmeona matokeo? Shamba lilipofungwa, mkulima wa Marekani hakuweza tena kuipaka punje ya mahindi. Lakini daktari aliweza kuiandika ipakwe kichwa cha mtoto.

Wacha niwatendee haki hao wa dawa, maana ni rahisi kucheka. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Bawabu wa shamba anapima mamilioni ya ekari, maji ya kila mtu, chakula cha kila mtu, mwaka baada ya mwaka. Bawabu wa hospitali anapima mgonjwa mmoja, mara moja, akiwa na daktari. Dawa nyingi za hospitali ni sumu ukizimimina mtoni, na bado tunazihitaji. Kwa mantiki hiyo, kufunga shamba na kuacha hospitali si lazima kuwe ni upuuzi.

Ila jimbo la California lilikuwa limeshatazama jambo lile lile kwa jicho tofauti. Huko walioanza kelele ni watu wa maji taka. Walikuwa wanaona lindeni kwenye maji yao na wakajiuliza inatoka wapi, maana si mjini kuna mashamba ya mahindi. Ilikuwa inatoka bafuni. Mama anamsuuza mtoto nywele, maji yanaingia kwenye bomba, na mitambo ya kusafisha maji haikuweza kuiondoa yote. Jimbo likapiga marufuku lindeni ya hospitali kuanzia 2002. Miaka michache baadaye watafiti wakaenda kuangalia: lindeni kwenye maji taka ilikuwa karibu imepotea, simu za kuripoti watu waliodhurika nayo zilikuwa zimepungua, na madaktari wa watoto walikuwa wanaendelea na kazi yao kwa dawa nyingine. Wale chawa walioogopewa kwamba wataitawala California hawakuitawala.

Hii hadithi ya maji ndiyo inayonifanya nisikubali kirahisi mtu akisema "hii ni ya matumizi madogo tu, haina shida". Matumizi madogo ya nani? Yakizidishwa mara ngapi?

Kimataifa, mwaka 2009 lindeni iliongezwa kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kemikali sugu zisizooza. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2004. Lakini hata pale, waliacha dirisha: ruhusa ya muda, miaka 5, kwa chawa na upele, kama dawa ya pili baada ya nyingine kushindwa. Mkataba wa dunia nzima wa kuiondoa, na bado kichwa cha mtoto kilikuwa miongoni mwa mahali pa mwisho kufungwa.

Mlango wa vipodozi sasa. Ulaya ilikataa lindeni kwa kilimo mwaka 2000. Na kanuni yao ya vipodozi, nambari 1223 ya mwaka 2009, ina kiambatisho cha pili ambacho ni orodha ndefu ya vitu visivyoruhusiwa ndani ya kipodozi chochote. Lindeni na ndugu zake wamo.

Mtu atauliza, nani anatia dawa ya wadudu kwenye kipodozi? Swali zuri. Jibu la kwanza ni lebo. Chupa ikiandikwa "huua chawa", hiyo ni dawa, inahitaji usajili wa dawa. Chupa ile ile ikiandikwa "husafisha na kutunza nywele", hiyo ni kipodozi, inapita mlango mwingine wenye foleni fupi. Maneno matatu kwenye karatasi yanahamisha chupa kutoka kwa bawabu mmoja hadi kwa mwingine. Orodha ya vipodozi ipo ili mtu asikwepe kwa kubadilisha maneno. Ndiyo maana inaandika hata vitu ambavyo unafikiri hakuna mwenye akili angevitia humo.

Jibu la pili sikulitarajia nilipoanza kusoma haya mambo. Kuna kitu kinaitwa lanolini. Ni mafuta yanayotolewa kwenye sufu ya kondoo, na yamo kwenye losheni, mafuta ya midomo, na hata krimu ambayo mama anayenyonyesha anapaka chuchu zikipasuka. Kondoo anatumbukizwa kwenye josho ili kupe na utitiri wafe. Dawa ya josho inapenda mafuta, kwa hivyo inashika kwenye mafuta ya sufu. Sufu inakatwa, mafuta yanakamuliwa, yanakwenda kiwandani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mabaki ya dawa za wadudu yalipatikana kwenye lanolini, na ndiyo sababu leo vitabu rasmi vya viwango vya dawa vinaweka kipimo cha juu cha mabaki hayo kwenye lanolini ya kutengeneza dawa. Hakuna aliyetia sumu kwenye krimu kwa makusudi. Ilitembea yenyewe kutoka joshoni.

Kwa hivyo orodha ya marufuku kwenye vipodozi pekee haitoshi kama josho liko wazi. Na ukifunga josho bila kupima krimu inayoingia bandarini kutoka nchi nyingine, pia haitoshi. Na hapa kwetu tunajua vizuri tofauti ya orodha na rafu ya duka. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki zimekatazwa miaka na miaka. Nendeni mtaani mkaulize kama haziko.

Sasa turudi jukwaani, tuzipime zile sentensi.

"Wamepiga marufuku kwao, wanatuletea sisi." Kuna ukweli mzito hapa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020, wa kutumia hati za serikali za Ulaya zenyewe, ulionyesha kwamba mwaka 2018 kampuni za huko ziliarifu mipango ya kuuza nje zaidi ya tani 81,000 za dawa za wadudu na magugu zenye kemikali 41 ambazo hazikuruhusiwa kwenye mashamba ya Ulaya. Ufaransa ikatunga sheria ya kuzuia hata kuzitengeneza kwa ajili ya kuuza nje; kampuni zikaenda kwa baraza la katiba kulalamika kuhusu uhuru wa biashara, na Januari 2020 baraza likasema bunge lina haki ya kuzingatia madhara yanayotokea nje ya mipaka. Mimi nikisikia mtu anasema jambo hili ni uzushi wa wanaharakati, namwuliza kama hakimu wa Paris ni mwanaharakati.

Ila kuna sehemu anayoiacha. Si kila kemikali isiyosajiliwa Ulaya imekataliwa kwa sababu ya hatari. Nyingine hazina usajili kwa sababu zao hilo halilimwi kule, au kampuni haikuona faida ya kulipia upimaji upya. Kwa hivyo ukiambiwa "haiko Ulaya", uliza: ilikataliwa, au haikuombwa? Hayo ni mambo mawili. Lindeni ilikataliwa.

"Bila dawa tutakufa njaa." Mwaka 2011 mlikuwa wapi? Lindeni ilitoka kwenye mbegu mwaka huo. Mahindi yalipandwa mwaka uliofuata, na uliofuata huo, kwa mbegu zilizopakwa kemikali nyingine. Tumekuwa na njaa, ndiyo, lakini ni ya ukame, na ya bei. Hii haimaanishi kila dawa inaweza kuondolewa kesho asubuhi. Mkulima wa nyanya akiamka na kukuta kantangaze amekula shamba zima, hotuba haimsaidii. Anayetaka kuondoa kemikali aje na jina la itakayoishika nafasi yake, na bei yake kwa duka la agroveti, si ya Nairobi, ya kule sokoni. Hilo ni swali halali kabisa. Lakini "tutakufa njaa" si swali, ni kutisha watu.

"Bidhaa zote zimesajiliwa." Hii ndiyo ninayoipenda kidogo kuliko zote. Imesajiliwa kwa kazi gani? Usajili ni wa matumizi yaliyoandikwa kwenye lebo: zao hili, kipimo hiki, siku kadhaa kabla ya kuvuna. Ikishamiminwa kwenye chupa ya soda na kuuzwa kwa kipimo cha kizibo, usajili umebaki kwenye ile chupa ya kwanza. Na tena, angalieni nani anapimiwa. Mishiri ya kwenda Ulaya ikikutwa na mabaki kupita kiasi inazuiwa mpakani kule. Sukuma wiki ya kibanda cha kwetu inapimwa na nani, mara ngapi kwa mwaka? Mwaka 2019 kulipelekwa ombi Bunge la Taifa kuhusu dawa hizi hatari, na kamati ikasikiliza pande zote. Ukikutana na mbunge wako, wa upande wowote, muulize alilisoma.

Ninajua kuna atakayesema: hata dawa ya chawa ya leo ni dawa ya wadudu. Kweli. Permethrini, inayotumika kwa chawa na upele, ndiyo hiyo hiyo inayowekwa kwenye vyandarua na kupuliziwa mashamba. Ndiyo maana sikusema chochote leo dhidi ya "kemikali". Permethrini inavunjwa mwilini haraka na haijilimbikizi kama lindeni. Kwa chawa kuna permethrini ya asilimia 1, kwa upele kuna krimu ya asilimia 5, na kuna benzili benzoeti, ile emalshani nyeupe ambayo wengi wenu mlipakwa shuleni mkalia. Zinauzwa kwa kemisti zikiwa na lebo ya binadamu. Sio zile za agroveti, hata kama jina la kemikali ni lile lile. Ya shambani imechanganywa na vimumunyishi ambavyo hakuna aliyevipima kwa kichwa cha mtoto.

Niliambiwa niache muda wa maswali. Yalikuwa mengi, nitaandika moja tu kwa sababu lilinishika.

Mama mmoja kutoka upande wa Trans Nzoia alisema mama mkwe wake ana mkebe ghalani, unga wa kupaka mbegu, wa tangu enzi za marehemu mzee. Lebo imeliwa na kutu. Huwa anautumia kidogo kwa viroboto wa kuku, na mara moja alitaka kumpaka mjukuu aliyekuwa na funza. Akauliza, nitajuaje ni lindeni?

Nilimwambia hutajua kwa macho wala kwa kunusa, na si lazima ujue. Unga wa miaka hiyo usio na lebo, uchukulie kuwa ni mmoja wa wale waliofungiwa. Usiumwage chooni, utafika kisimani. Usiuchome, moshi wake ni mbaya kuliko wenyewe. Usiuzike shambani, huko Sabiñánigo, Uhispania, walitengeneza lindeni miaka ya 1970 na 1980, na kwa kila tani moja zilibaki kati ya tani 6 na 10 za takataka, wakazizika. Mwaka 2014 zilitokea mtoni na vijiji vya chini vikaacha kunywa maji ya mto wao. Vaa glavu, tia mkebe ulivyo ndani ya ndoo yenye kifuniko, weka mbali na chakula, kuku na watoto, kisha umpigie afisa wa kilimo wa wadi au ofisi ya PCPB uulize unapelekwa wapi. Na mama mkwe usimgombeze mbele ya watu. Alipewa na serikali yenyewe au duka lenye leseni, akaambiwa ni dawa.

Alinijibu jana kwa ujumbe. Ndoo imepatikana, ya rangi, ina kifuniko kizuri. Afisa amesema atapita Jumatano. Akipita nitawaambia hapa chini alichosema.

Alhamisi ijayo tunaongea kuhusu ushuru wa mafuta ya petroli. Tutaanza saa mbili usiku kamili.